Kauboi Aliyeuliza kwa Kiswahili

Hapa Kisangani kuna watu wa rika langu ambao wakikaa mbele ya chupa mbili za bia wanaanza kulilia zamani. Eti wakati wa Zaïre tulikuwa tunakula vizuri, eti mji ulikuwa safi, eti tulikuwa tunaimba na kucheza. Halafu mmoja anagonga meza kwa vidole, anauanzisha ule wimbo wa kumpokea Mkubwa wa nchi, na wengine wanaudaka, macho yamelowa. Mimi nikiwa karibu nainuka na kwenda zangu. Wananiita mwanamke wa kiburi, na waite. Wimbo ule haukutungwa kumpokea mtu yeyote. Uliibwa kwetu Kabondo, ndani ya lupango, ua wa nyumba ya mama yangu, mchana kweupe, na walioiba hawakujua hata walichoiba.

Na mimi ninalilia zamani, sikatai, ila zamani yangu ni nyingine. Mimi ninalilia muziki wa kauboi. Najua inachekesha. Watoto wangu mwenyewe wanacheka, wanauliza kauboi na Kisangani walijuana wapi. Walijuana Makiso, karibu na bandari, katika duka la Mgreki mmoja aliyekuwa anauza vitenge na taa za mafuta. Biashara yake ilikuwa vitambaa lakini roho yake yote ilikuwa kwenye gramafoni. Aliiweka juu ya kaunta, na tangu asubuhi ilikuwa inaimba. Haikuimba rumba kama kila mahali mjini. Iliimba wale wazungu wa Amerika wenye kofia pana. Kulikuwa na nyimbo zao za polepole, za mtu aliyeachwa, na kulikuwa na zile za haraka, za kuchezwa kwa magoti, ambamo gitaa linakwaruza, besi inapigwa makofi badala ya kuguswa kwa adabu, na sauti ya mwanaume inapanda, inapanda, halafu inakatika katikati kama kwikwi.

Tonton yangu, mdogo wake mama, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Kila akipeleka marobota ya vitenge kwa yule Mgreki, alichelewa kutoka makusudi. Alikuwa anasema muziki ule ni treni ya Ubundu iliyofungiwa ndani ya gitaa, na alikuwa na haki. Aliyewahi kupanda treni ile anajua inavyokwenda: inagongagonga, inasitasita, unafikiri imekufa, kumbe inavuta pumzi tu. Alijifundisha gitaa peke yake. Besi aliipigia kreti tupu ya bia, kofi juu ya kofi, na ile kwikwi ya sauti aliipata sawasawa mpaka mbuzi wa jirani wakawa wanageuka kumtazama. Alikunja kofia ya majani pembeni na kuivaa hata kazini. Kingereza hakujua hata neno moja. Aliimba vile sikio lake lilivyopokea, na hakuna aliyemdai maana.

Kisha serikali ikawanyang'anya wageni maduka yao ikawagawia watu wa Chama cha Mkubwa. Mgreki wetu, kabla ya kupanda boti, alimpa tonton ile gramafoni na kumwambia achague santuri moja. Zilizobaki, yule bwana aliyepewa duka alizimwaga nje pamoja na takataka, kwa sababu hakuona zinauzwa kwa nani. Nilizipita barabarani nikienda shule, zimenyeshewa, watoto wanazirusha juu. Alipewa duka zima, hakulitolea jasho hata tone, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutupa muziki. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Sasa lazima niseme juu ya papa yangu, baba aliyenizaa. Wakati wa machafuko, mimi nikiwa mdogo, papa alivuka mto kwenda Lubunga kutafuta chumvi, na hakurudi. Hakuna aliyemwona amekamatwa, hakuna aliyeona maiti. Kabondo ilijaa wanawake kama mama, ambao hawakuwa wajane na hawakuwa tena wake za watu. Na kwetu sisi, watu tuliotoka Maniema, mtu ambaye maiti yake haijaonekana haliliwi. Ukimkalia matanga, umemuua kwa mdomo wako. Kama yuko hai mahali, umemfungia njia ya kurudi. Kwa hiyo mama hakunyoa kichwa, hakuvaa nyeusi, hakuketi juu ya mkeka. Na kuuliza kwa sauti pia haikuwezekana, kwa sababu ukiuliza mtu wako alienda wapi, wewe ndiye unayeulizwa alikuwa wa upande gani. Akafunga mdomo, akauza bia na samaki wa kuchoma uani, akatulea.

Jumapili ya kwanza tonton alipoiweka ile santuri aliyoichagua, mama alikuwa anatwanga ndizi za lituma. Wimbo ulikuwa wa haraka kidogo, treni tupu. Ulipofika kwenye kiitikio, mchi ukabaki hewani.

"Uyu mutu anasema nini?" mama akauliza.

"Iko Kingereza, yaya," tonton akamjibu dada yake.

"Kingereza gani? Iko anauliza mama yake kama alirudi. Rudisha pale."

Tonton akairudisha sindano. Nikasikia na mimi, wazi kabisa, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: Mama, alirudi ye? Mama, alirudi ye? Na juu ya lile "ye" sauti ya mzungu inakatika, kama mtu aliyemeza kilio. Alikuwa anasema nini kwa kweli, sijui, na sikutaka kujua. Ukishasikia hivyo hausikii tena vingine. Mama aliweka mchi chini akalia mbele yetu, machozi ambayo sikuwahi kuyaona kwake, na wimbo ulipokwisha akamwambia tonton airudishe tena mwanzo.

Jirani mmoja alisikia, akamwita mwingine. Baada ya muda mfupi, kila Jumapili mchana uani petu walikuwa wanajaa wanawake, wengine wametoka misa, wengine Waislamu na mitandio yao, wote wameletwa na wimbo wa kauboi. Santuri ilipochoka, tonton alichukua gitaa. Kwenye kiitikio hawakuimba kwa nguvu. Waliuliza tu, kila mmoja akimuuliza wake. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na mkeka, hapakuwa na kesi. Nani angeweza kumshitaki mtu kwa kuimba muziki wa Amerika? Hapo ndipo mahali pekee katika mji huu ambapo mama yangu aliweza kuuliza kwa sauti mume wake yuko wapi.

Mwanafunzi mmoja wa kampasi, aliyepanga chumba kwa jirani na kusoma Kingereza, alijitia kutusaidia. "Samahani ba-mama," akasema, "hasemi vile. Donc, iko anaimba juu ya farasi."

Mama mmoja mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Na iyo farasi yake alirudi?"

Kijana akasema hajui, wimbo hausemi. "Basi alors, ikaa chini," mama mzee akamwambia, "unasikia tunamuulizia." Alikaa. Jumapili iliyofuata alikuja mwenyewe bila kuitwa, na hakutafsiri tena kitu.

Mtu mwingine wa Chama alitujia Jumapili moja ya kiangazi. Huyu ndiye aliyesimamia kwenye kata yetu ile kazi ya kuimba na kucheza kwa heshima ya Mkubwa, tuliyoiita animasyon, na Mkubwa alikuwa anatarajiwa Kisangani. Alisimama kwenye mlango wa lupango ndani ya abakosti yake ya kijivu, ile suti ya Chama isiyo na tai, akasikiliza wimbo mpaka mwisho, kisha akapiga makofi.

"Citoyennes, bonjour. Hii wimbo iko na nguvu sana. Nani alitunga?"

Tonton alikuwa na akili, aliona hatari ikija, akachukua ngao ambayo kila mtu alikuwa nayo wakati ule. Zile zilikuwa siku za kukataa vyote vya kigeni. Walitunyang'anya majina ya ubatizo, waliwavua wanaume tai shingoni. Akasema, "Hakuna mutu wa hapa alitunga, mukubwa. Iko muziki ya wazungu, ya Amerika kabisa. Haiko ya authenticité. Ata sisi tulikuwa tunataka kuiacha."

Yule bwana akacheka. "Citoyen, unanifanya mujinga? Masikio yangu iko inasikia Swahili. Wazungu gani wanasema alirudi ye?"

Tonton akasema wanasema, ila si kwa maana ile. Akaonyesha santuri, yenye picha ya mzungu na kofia yake. Yule bwana akaishika, akaigeuza, akatikisa kichwa. "Wazungu waliiba. Hii wimbo iko ya ba-ancêtres, ya mababu. Na nyinyi munaficha mali ya taifa mu lupango, pamoja na bia."

Hapo ndipo ninapoomba mtu anishike, maana mpaka leo nataka kumrukia. Kosa la masikio yetu ndilo lililoufanya wimbo kuwa wetu, na kosa lilelile likampa yeye mlango wa kuingilia. Angekuwa mtu wa sikio zito kidogo angesikia Kingereza, angetukemea, angekwenda zake. Lakini alisikia Kiswahili vizuri sana. Alisikia maneno yote, hakusikia kilio hata kimoja.

"Tutabadilisha kidogo tu," akasema. "Mama inatoka, Papa inaingia, Papa ya taifa. Na haitakuwa kuuliza. Itakuwa kujibu." Akaimba mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti: Papa, alirudi ye! Akaitia santuri kwapani, eti iende kufanyiwa kazi. Hatukuiona tena.

Tonton alimwambia hawezi kuongoza wimbo ule. Akajibiwa taratibu, bila hasira, kwamba bandarini watu wanaotafuta kazi ni wengi, na kwamba bia inayouzwa katika lupango hii haikuombewa ruhusa. Tonton akamwangalia mama. Mama alikuwa anafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Imba," akamwambia. "Iko wimbo tu."

Haikuwa wimbo tu, na alijua. Nilitaka apige kelele, amtupie yule mtu maji ya samaki. Nilimkasirikia mama siku ile kuliko nilivyomkasirikia mwizi, kwa sababu mwizi simjui, mama ninamjua.

Mazoezi yalifanyika mchana, juani, kwenye uwanja wa shule. Wanawake wa kata waliwekwa mistari, sisi wasichana wa sekondari mbele, wote ndani ya vitenge vyenye sura ya Mkubwa, imekaa juu ya ziwa la kila mama na juu ya kila kalio. Wale wale waliokuwa wanakuja uani kuulizia waume na kaka zao, sasa walifundishwa kutikisa kiuno na kujibu. Anayechelewa, jina lake linatajwa sokoni. Na ile kwikwi ya tonton, ile iliyobeba wimbo mzima, yule bwana aliiondoa siku ya kwanza. "Mukubwa hapokelewi na mutu anayelia," alisema. Wakaongeza ngoma na filimbi. Kofia ya majani tonton aliambiwa aivue, akaivua.

Siku ilipofika tulipangwa kando ya barabara ya uwanja wa ndege tangu alfajiri, bila chai. Magari yalipotokea, tukaimba. Papa, alirudi ye! Mimi neno hilo, papa, nilikuwa nalo kwa mtu mmoja tu. Nilikuwa nalo tangu asubuhi ile ya chumvi, nimelifunga vizuri, simpi mtu. Sasa nilikuwa nalirushia gari jeusi lenye vioo. Nikaanza kulia, na nilipoanza sikuweza kuacha. Yule bwana wa animasyon akaniona, akanishika bega akaninyanyua mbele ya wakubwa wake. "Muone uyu mutoto," akasema kwa furaha, "anapenda Papa mpaka analia." Wakanipigia makofi.

Wimbo ulipendwa mno. Wakaanza kuutaka kwa kila mgeni na kila sikukuu, na mazoezi hayakwisha tena. Radio iliupiga. Watoto waliokuwa bado hawajazaliwa wakati wa machafuko waliurukia kamba barabarani. Jumapili uani petu hakuna aliyekuja. Tonton aliweka gitaa juu ya kabati. Siku moja nilimwomba anipigie ule wa kwanza, wa kauboi, polepole tu, sisi wawili. Alianza, akafika kwenye kiitikio, vidole vikaenda vyenyewe kwenye ngoma za Chama. Akatukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, akalirudisha gitaa kabatini.

Mama aliomba aachiliwe. Alisema miguu inauma, wakamwambia miguu ya Zaïre haiumi. Alisema soko, wakasema soko litangoja. Waliokataa, ilijulikana walivyofanywa. Kulikuwa na sababu moja tu waliyoiheshimu, kwa sababu hata wao wamezaliwa na mama zao: mwanamke wa matanga hachezi. Mjane mwenye kichwa kilichonyolewa akiingia kwenye sherehe, anaingia na mkosi, na hakuna mtu wa Chama aliyetaka mkosi umguse Mkubwa.

Nilirudi kutoka shule nikakuta mkeka umetandikwa uani. Juu yake alikuwa ameketi mama, kichwa kimenyolewa kinang'aa, nguo nyeusi, na majirani wamemzunguka. Tonton alikuwa amesimama pembeni anaangalia ukuta. Nilifikiri hatimaye wamempata.

"Nani alileta habari?" nikauliza.

"Hakuna mutu alileta," mama akasema.

"Basi unamulilia nani?"

"Papa yako."

Nilielewa, na nilimpigia kelele mbele ya watu wote, kitu ambacho mtoto hafanyi. Nilimwambia anamuua. Nilimwambia kama papa yuko njiani basi leo amemfungia njia kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ya mazoezi ya kucheza. Mama mmoja akasimama kunipiga kofi, mama yangu akamzuia.

Kabla hajanijibu, yule bwana wa abakosti akaingia. Alikuja kuuliza kwa nini mstari wa pili una nafasi. Akaona mkeka, akasimama.

"Nani alikufa?"

"Papa," mama akamjibu, akimtazama usoni.

Nilimwona mtu yule akibadilika rangi. Nchi nzima wakati ule ilikuwa na Papa mmoja, na sisi tuliimbishwa hivyo kila wiki. "Papa... Papa gani?"

"Papa ya uyu mutoto. Bwana yangu."

Akavuta pumzi, akatafuta kitambaa mfukoni, akajifuta jasho. Hakuuliza alikufa lini wala wapi. Alisema pole sana, mama, bon, hautacheza mpaka matanga iishe. Kisha akanigeukia mimi. "Mutoto yeye alie kidogo, halafu arudi mu mstari."

Alipotoka, mama alinivuta nikae karibu naye. Mkono wake ulikuwa unanuka sabuni ya kunyolea. "Na mimi sijakubali," akaniambia polepole, ili wengine wasisikie. "Bado ninamungoja. Lakini siwezi tena kuimba eti alirudi. Afazali anikasirikie huko aliko." Akachana kipande cha ile nguo nyeusi, akanifunga mkononi.

Sikumsamehe siku ile, na sikuwasamehe wao mpaka leo hii ninapoandika. Mama alipata ruhusa ya kunyamaza, na alilipa kwa kumzika mume wake mzima au mfu, hatujui. Mimi sikupata. Wiki iliyofuata nilirudishwa uwanjani, mstari wa mbele, kwa sababu nilikuwa ninalia vizuri. Nyeusi ilikatazwa kwenye animasyon, kwa hiyo kile kitambaa nilikitoa mkononi nikakificha ndani ya bulauzi, chini ya sura ya Mkubwa. Filimbi ikapigwa, nikafungua kinywa, nikaimba kwamba papa amerudi.